Ufundi wa Matandiko ya Farasi: Kazi ya Ngozi kwa Ajili ya Mgongo wa Mnyama

Katika orodha ya kazi za mikono ambazo vijana wa Lubumbashi huzitaja wanapopanga maisha yao, ufundi wa kutengeneza na kupima matandiko ya farasi haumo. Mji huu, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ulijengwa juu ya shaba, na hadi leo kazi zinazotamaniwa ni zile zinazouzunguka mgodi: umakanika, uchomeleaji, ufundi umeme na udereva wa malori yanayopanga foleni Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia. Farasi ni wachache, na aghalabu hutajwa pamoja na Cercle Hippique, klabu ya wapanda farasi ya mjini. Hata hivyo, kila farasi anayepandwa hubeba tandiko, kila tandiko huchakaa, na mgongo wa mnyama hubadilika mwaka hata mwaka, kwa hiyo pawapo na farasi hata kumi tu, lazima awepo mtu anayejua kulilinganisha tandiko na mgongo. Kazi ya mtu huyo yastahili kuhesabiwa kuwa tawi la huduma ya afya ya wanyama, ingawa wengi huiona kuwa pambo la michezo ya wenye mali.

Tandiko ni kiti kinachofungwa juu ya mgongo wa mnyama ili kumbeba mpandaji au mzigo. Fundi wa matandiko ndiye anayekata ngozi, kuishona na kuiunganisha na kiunzi cha ndani. Mpimaji ndiye anayeamua iwapo tandiko fulani linamfaa farasi fulani, na kurekebisha linapohitaji kurekebishwa. Katika nchi zenye farasi wengi kazi hizi mbili mara nyingi hufanywa na watu wawili, lakini mahali penye wanyama wachache, kama Haut-Katanga, mkoa wenye mji huu wa Lubumbashi, fundi mmoja hulazimika kuzijua zote mbili, na pengine afadhali iwe hivyo, kwa kuwa anayeshona bila kuutazama mgongo hushona kwa kubahatisha.

Uchache wa farasi katika Katanga una sababu zake za kibiolojia. Sehemu kubwa ya Afrika ya kati ni makazi ya mbung'o, nzi anayeeneza vijidudu vya ugonjwa wa nagana, ambao humkondesha farasi, humpunguzia damu na mwishowe humuua. Pamoja na nagana upo ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaosababishwa na virusi vinavyobebwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni na alfajiri, hasa majira ya mvua. Farasi asiyewahi kukutana na virusi hivyo hupona kwa nadra, ilhali punda na punda milia huvistahimili zaidi. Afrika Kusini, ambako ugonjwa huo uliua farasi karibu 70,000 katika mlipuko wa miaka ya 1854 na 1855, ndiko chanjo yake ilikotengenezwa, katika taasisi ya Onderstepoort, na bila chanjo ya namna hiyo ufugaji wa farasi katika ukanda huu ungekuwa kazi ya kuzika wanyama.

Kwa sababu hiyo biashara kubwa ya karne ya 19 iliyouunganisha mji wa Bunkeya, makao ya mtawala Msiri, na pwani ya Bahari ya Hindi haikutegemea farasi. Pembe za ndovu na misalaba ya shaba ya Katanga ilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, na gharama yake ilikuwa miili ya watu. Wageni waliojaribu kubadili utaratibu huo kwa kuleta wanyama walifundishwa na njia yenyewe. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyefika Unguja Januari 1871 kuandaa safari ya kumtafuta mmisionari David Livingstone, alinunua punda na kupata farasi wawili, mmoja wao akiwa zawadi ya Sultani Barghash. Farasi wote wawili walikufa karibu siku moja huko Kingaru, kabla msafara haujaenda mbali na Bagamoyo.

Safari hiyo inafaa kukumbukwa na kila mtu anayependa ufundi huu, kwa kuwa iliacha maelezo ya wazi ya matandiko yaliyotengenezwa katika nchi za Waswahili. Stanley hakupata Unguja matandiko ya mizigo aliyoyataka, akabuni la kwake kwa turubai, kamba na pamba, akifuata mfano wa tandiko lililotumiwa na jeshi la Waingereza katika vita vya Uhabeshi. Tandiko la kwanza lilijaribiwa kwa punda mkali wa Unyamwezi, aliyefungiwa mzigo wa paundi 140, yaani kilo zipatazo 63, akaruka na kupiga mateke bila kamba hata moja kukatika, na baada ya jaribio hilo baharia wa Kiskoti, William Farquhar, alikabidhiwa kazi ya kushona mengine 21 kwa mfano uleule. Zilinunuliwa pia pedi za sufu za kuwakinga wanyama wasichubuke. Fundi wa leo akilitazama jaribio hilo ataona mara moja kasoro yake: lilipima uimara wa tandiko, halikupima hali ya mgongo. Mashirika ya kutetea punda leo hushauri punda mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 50 hivi, kwa hiyo mzigo wa jaribio ulikuwa tayari umevuka kiasi, hata kama kamba zilishika.

Kosa hilo la kulipima tandiko kwa nguvu zake lenyewe limeendelea mpaka leo, na ili kuelewa ubaya wake ni lazima kwanza kuujua mgongo. Farasi ana jozi 18 za mbavu, na kila jozi imeshikamana na pingili yake ya uti wa mgongo. Mbele, juu ya mabega, pingili hizo zina miiba mirefu ya mfupa inayofanya kinundu kinachoonekana pale shingo inapoungana na mgongo. Kando ya kinundu hicho yako makombe ya mabega, mifupa mipana ambayo haikufungwa kwa kiungo chochote kwenye uti wa mgongo, bali imeshikiliwa na misuli tu, na ambayo hurudi nyuma kila mara mguu wa mbele unaponyooshwa. Nyuma ya ubavu wa 18 huanza sehemu ya kiuno isiyo na mbavu za kuipa nguvu. Kwa hiyo eneo linaloweza kubeba uzito kwa usalama ni fupi kuliko macho yanavyodhani: linaanzia nyuma ya kombe la bega na kuishia ubavu wa mwisho, tena si juu ya uti wenyewe, bali juu ya misuli mirefu iliyo kulia na kushoto kwake.

Uzito unaotua hapo nao hautulii. Farasi akitembea, nguvu inayogonga mgongo hukaribia uzito wa mpandaji. Akikimbia mwendo wa matiti, nguvu hiyo hupanda hadi kama mara mbili. Na akienda shoti, hupita hapo. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa farasi wepesi wa kupandwa waliobebeshwa asilimia 15 na 20 ya uzito wao walistahimili vizuri, lakini wale wa asilimia 25 na 30 walionyesha dalili za kuumia misuli, na tangu hapo wapandaji wengi huishika asilimia 20 kuwa mpaka. Kwa farasi wa kilo 450 maana yake ni kilo 90, na humo limo tandiko lenyewe, ambalo la kawaida la mtindo wa Kiingereza huwa na kilo tano hadi kumi.

Madhara ya tandiko lisilofaa huanza kimya. Mgandamizo mahali pamoja ukizidi nguvu ya damu katika mishipa midogo, damu haipiti. Ngozi na misuli ya hapo hukosa hewa na chakula, na mgandamizo ukidumu au kurudiwa kila siku, nyama hufa kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo siku kidonda kinapoonekana, uharibifu wa chini umekwisha kuwa mkubwa. Kabla ya hapo mwili hutoa dalili ambazo mtu aliyefundishwa huzisoma. Nywele nyeupe huota kwenye kinundu cha farasi mwekundu au mweusi, kwa sababu vinyweleo vilivyobanwa vimepoteza uwezo wa kutoa rangi. Misuli ya nyuma ya mabega hunywea na kuacha mashimo. Baada ya mazoezi, tandiko likiondolewa, manyoya ya chini yake yanatakiwa yawe yamelowa jasho sawasawa. Pakiwa na kiraka kikavu katikati ya jasho, mara nyingi hapo pamebanwa mno hata tezi za jasho zimeshindwa kufanya kazi. Na kuna dalili za tabia, ambazo watu wengi huziita ukorofi: farasi anayelaza masikio na kutaka kuuma anapofungwa mkanda wa tumbo, anayekataa kuruka vizuizi, anayezunguka mpandaji anapotaka kupanda. Wengi wa wanyama hao hupigwa kwa kosa la fundi.

Tandiko la mtindo wa Kiingereza, ambao pamoja na wa Kifaransa ndio unaotumika zaidi katika klabu za wapanda farasi, hujengwa kuanzia ndani. Kiini chake ni kiunzi, yaani umbo gumu lililotengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi, au kwa plastiki ngumu, likiimarishwa kwa bapa za chuma cha pua. Mbele kiunzi kina upinde unaopita juu ya kinundu, na upana wa upinde huo ndio kipimo cha kwanza cha kumfaa au kutomfaa mnyama. Juu yake hutandazwa mikanda ya kitambaa kigumu, kisha ngozi ya kalio. Pembeni huning'inia mabawa mawili ya ngozi yanayotenganisha mguu wa mpandaji na mbavu za farasi, pamoja na vikuku, vile vyuma vya kukanyagia. Chini hufungwa mito miwili iliyojazwa sufu, ikiacha katikati yake mfereji wa upana wa vidole vitatu au vinne ili uti wa mgongo usiguswe kabisa.

Mshono wa fundi huyu haufanani na wa cherehani. Cherehani hutumia nyuzi mbili zinazonasana katikati ya ngozi, na uzi mmoja ukikatika mshono huweza kufumuka wote. Fundi wa matandiko hutumia uzi mmoja mrefu wa kitani uliopakwa nta, wenye sindano kila ncha. Kwanza hupiga alama za nafasi sawa kwa chuma chenye meno, kisha hutoboa tundu kwa msharasi wenye ncha bapa, huku ngozi imebanwa kati ya magoti kwa koleo la mbao. Sindano ya kushoto hupita, ya kulia hufuata katika tundu lilelile, na mikono yote miwili huvuta kwa nguvu moja hadi uzi uzame. Kila tundu limepitiwa na uzi mara mbili kutoka pande zinazopingana, kwa hiyo pakikatika mahali pamoja mishono ya jirani hubaki imeshika, na mpandaji haanguki. Mkono ukizoea, mishono minane au kumi hukaa katika inchi moja, yote ikiwa na mwinamo mmoja. Kuujaza mto kwa sufu ni kazi ngumu zaidi, ingawa haionekani: sufu huchambuliwa kwanza, kisha huingizwa kidogo kidogo kwa fimbo ya chuma kupitia mpasuko mdogo, na fundi hulazimika kuhisi kwa kiganja kama kuna kibonge, kwa sababu kibonge kimoja cha ukubwa wa kokwa la embe kinatosha kumuumiza mnyama.

Vifaa vingi vya kazi hii haviko mbali na Lubumbashi. Misitu ya miombo ya Haut-Katanga hutoa asali, na pamoja na asali nta, ambayo ndiyo hasa inayohitajiwa kuulinda uzi dhidi ya maji. Ribiti za shaba, vile vipini vidogo vinavyoshikilia mikanda mahali ambapo mshono pekee hautoshi, zimetengenezwa kwa madini ambayo mkoa huu unayauza dunia nzima. Ngozi ndiyo yenye shida. Tandiko huhitaji ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa dawa za mimea, si kwa chumvi za kromu kama ngozi nyingi za viatu, kwa sababu ngozi ya namna hiyo huwa imara, hukubali umbo na huweza kukarabatiwa kwa miaka mingi. Dawa nzuri ya kazi hiyo hutokana na maganda ya miti ya miwati, na mashamba makubwa ya miti hiyo yako Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako kampuni ya TANWAT iliyoanzishwa mwaka 1949 imekuwa ikiyakamua maganda hayo kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Ng'ombe wako, magome yako, nta iko, mikono iko. Kinachokosekana ni mtu wa kuviunganisha. Tahadhari moja ya kikemia haina budi kukumbukwa: ngozi iliyolainishwa kwa magome ikigusana na chuma chenye unyevu hugeuka nyeusi, na ndiyo maana mafundi huchagua vifungo vya shaba nyeupe, shaba nyekundu au chuma kisichoshika kutu.

Upimaji wa tandiko una mpangilio wake, na mpimaji mzuri hujulikana kwa kutofanya haraka. Farasi husimamishwa mahali tambarare, miguu minne ikiwa imebeba uzito sawa, na mgongo hutazamwa kwanza mtupu. Vidole hupitishwa taratibu kutoka kinundu hadi kiunoni, upande mmoja kisha wa pili, kwa mkandamizo uleule. Mnyama akizama mgongo au akitingisha ngozi mahali fulani, mahali hapo huandikwa. Kisha waya laini unaokunjika na kubaki ulivyokunjwa huwekwa juu ya mgongo katika sehemu tatu, yaani nyuma ya kombe la bega, kwenye bonde la mgongo, na karibu na ubavu wa mwisho, na umbo lake huchorwa kwenye karatasi pamoja na tarehe. Karatasi hizo ndizo faili la mgonjwa, na zikiwekwa mwaka baada ya mwaka huonyesha mabadiliko ambayo macho ya mwenye farasi, anayemwona kila siku, hayawezi kuyaona.

Baada ya hapo tandiko huwekwa bila kitambaa cha chini. Mpimaji hutazama kama upinde wa mbele umelingana na mteremko wa mabega, kama kuna nafasi juu ya kinundu, kama mwanga unapita kwenye mfereji kutoka mbele hadi nyuma, na kama mito imelala sawasawa; mto unaogusa mbele na nyuma tu, ukiacha pengo katikati, huukusanya uzito wote kwenye pembe nne. Ndipo mkanda wa tumbo hufungwa, mpandaji hupanda, na farasi huonwa akitembea, akienda matiti na shoti, mkono wa kulia na wa kushoto, kwa sababu tandiko linalokaa vizuri juu ya farasi aliyesimama laweza kuteleza upande mmoja anapoanza kugeuka. Katika nchi tajiri siku hizi hutumika pia mikeka yenye vihisio vya kupima mgandamizo na kamera za kupima joto la ngozi, lakini vifaa hivyo havijaufuta umuhimu wa kiganja, na kijana asiyekuwa navyo hana sababu ya kukata tamaa.

Kosa linalofanywa na wenye farasi wengi, tena kwa nia njema, ni kuongeza blanketi au pedi nene chini ya tandiko linalobana. Tandiko jembamba likiongezewa pedi hubana zaidi, sawa na kiatu kidogo kinavyomzidishia mtu maumivu akivaa soksi mbili. Dawa yake ni kubadili upana wa upinde, kurekebisha sufu, au kukubali kwamba tandiko hilo si la mnyama huyo.

Hali ya hewa ya Lubumbashi huifanya kazi hii iwe ya mwaka mzima. Kiangazi kikianza Mei, majani hukauka, na farasi asiyeongezewa chakula hupungua misuli na mafuta ya mgongoni, kwa hiyo tandiko lililomfaa Machi huweza kukaa chini mno mwezi Septemba na kugusa kinundu. Mvua zikirudi mwishoni mwa mwaka, majani huota, mnyama hunenepa, na tandiko lilelile huanza kubana. Unyevu wa Desemba na Januari nao huzaa ukungu juu ya ngozi, ambao hula nyuzi na kulainisha mishono. Ngozi inayokaushwa kwa haraka karibu na moto au juani hupasuka. Kwa hiyo ratiba inayofaa hapa ni kupima angalau mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi na katikati ya mvua, na tandiko jipya lirudiwe mapema zaidi, kwa kuwa sufu yake hushindiliwa na kushuka katika miezi ya mwanzo. Ratiba hiyo ndiyo pia msingi wa kipato cha mpimaji, maana kutengeneza tandiko jipya ni jambo la nadra, ilhali kukagua, kujaza sufu upya, kubadili mikanda na kushona yaliyofumuka ni mambo yasiyokwisha.

Mahali ambapo ufundi huu umepata mfumo kamili ni Uingereza na Ufaransa. Mji wa Walsall, katikati ya Uingereza, ulijulikana kwa matandiko kiasi kwamba timu yake ya mpira hupewa lakabu ya mafundi hao, na chama cha mafundi wakuu wa matandiko wa Uingereza, kilichoundwa mwaka 1966, husimamia mafunzo, mitihani na orodha ya wapimaji waliothibitishwa. Mwanafunzi hupitia kwanza uanagenzi, yaani kujifunza kwa kufanya kazi chini ya fundi mwenye sifa kwa miaka kadhaa, kabla ya kuruhusiwa kujitegemea. Ufaransa hutoa cheti cha serikali cha fundi wa matandiko na hatamu, na nyumba ya Hermès, inayofahamika leo kwa mikoba ya bei kubwa, ilianza mwaka 1837 mjini Paris kama karakana ya vifaa vya farasi na bado hutengeneza matandiko. Kwa kijana wa Lubumbashi aliyesoma kwa Kifaransa, njia ya Ufaransa na Ubelgiji ni nyepesi kwa lugha, ingawa viza na gharama si nyepesi hata kidogo. Njia ya pili ni kusini, Zambia na Afrika Kusini, ambako farasi ni wengi zaidi na barabara inafika.

Ukweli wa soko hauna budi kusemwa waziwazi. Farasi wa Lubumbashi peke yao hawawezi kulisha karakana ya matandiko, na anayemwahidi kijana utajiri kwa njia hiyo anampotosha. Kazi hii hapa itakuwa sehemu ya karakana pana ya ngozi, pamoja na mikanda ya usalama, mifuko ya vifaa vya migodini na viatu vya kazi, na mafundi viatu wa komini za Lubumbashi ziitwazo Kenya, Kamalondo na Katuba, ambao wamekwisha kumiliki sindano, msharasi na subira, ndio walio karibu zaidi kuianza. Wanachohitaji kuongezewa ni elimu ya mwili wa mnyama, na elimu hiyo ndiyo inayomtenganisha mshonaji na mpimaji.

Nje ya Katanga mahitaji ni makubwa zaidi kuliko klabu zote za wapanda farasi, kwa sababu ya punda. Sensa ya nchi ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu punda milioni 1.8, ile ya mwaka 2019 ilipata milioni 1.17 hivi, baada ya miaka ya uchinjaji mkubwa kwa ajili ya soko la ngozi la China. Wanyama hao huvuta mikokoteni ya maji na kubeba mizigo, na vidonda vyao vingi hutokana na vitu duni: mipira ya matairi iliyokatwa, kamba za nailoni, nguzo za mkokoteni zinazolala moja kwa moja juu ya uti wa mgongo. Shirika la KENDAT, likishirikiana na shirika la Brooke, liliendesha huko Kenya mpango ulioitwa Heshimu Punda, na sehemu ya kazi ya namna hiyo ni kuwafundisha mafundi wa vijijini kushona pedi na hatamu kwa turubai, magunia na mablanketi ya zamani, kila kimoja kwa kipimo cha mnyama wake. Lamu, ambako vichochoro vya mji mkongwe havipitishi magari na mizigo huenda kwa shogi juu ya punda, kliniki ya punda imekuwapo tangu mwaka 1987. Brooke yenyewe ilitokana na hospitali iliyofunguliwa Cairo mwaka 1934 na Dorothy Brooke, Mwingereza aliyewakuta huko farasi wazee wa vita vya kwanza vya dunia wakivuta mizigo wakiwa wamechoka na kujeruhiwa. Mwaka 2016 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani liliingiza katika kanuni zake sura nzima kuhusu ustawi wa farasi, punda na nyumbu wanaofanya kazi, nayo inagusa pia vifaa wanavyofungwa. Kwa hiyo fundi anayejua kuvilinganisha vifaa hivyo na mwili anatekeleza jambo ambalo serikali zenyewe zimekwisha kulikubali kwa maandishi.

Lubumbashi ina bahati ambayo miji mingi ya kanda hii haina. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya wanyama, na taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, INPP, iko mjini humohumo. Kitivo kina wahadhiri wanaojua misuli, mishipa na mifupa. INPP ina mazoea ya kugeuza ujuzi kuwa ufundi. Klabu ya farasi ina wanyama wa kufanyia mazoezi na wenye kuwapenda. Pande hizo tatu zikikaa meza moja zinaweza kuandaa kozi fupi ya miezi michache kwa mafundi viatu wachache waliochaguliwa, yenye masomo ya mwili wa farasi na punda, mshono wa sindano mbili, ujazaji wa sufu, na uwekaji wa kumbukumbu za kila mgongo. Kozi hiyo haihitaji jengo jipya wala mashine ya kuagizwa Ulaya. Wakuu wa kitivo na wa INPP wanaombwa kulichukua jambo hili mikononi mwao. Na wenye farasi, wakati wakisubiri, wavue matandiko yao leo baada ya mazoezi, waangalie ni wapi hapakulowa jasho, na wamwite daktari wa wanyama kabla ya kumpanda tena mnyama mwenye kiraka kikavu mgongoni.